Farasi wa Kura

Neno "polo" si geni masikioni mwa watu wetu, ingawa mchezo wenyewe ni mgeni machoni. Wengi tumelijua kutokana na ile fulana yenye ukosi na vifungo viwili au vitatu, inayouzwa katika kila gulio la mitumba, na pengine kifuani ina picha ndogo ya mpanda farasi aliyeinua fimbo. Huyo mpanda farasi ni nani, anacheza nini, na ni nani anayemwekea kanuni za mchezo wake, hayo si maswali ambayo mnunuzi wa fulana hujiuliza. Hata hivyo, nakuomba msomaji univumilie nikueleze habari za chombo kiitwacho Shirikisho la Kimataifa la Polo, kilichoundwa mwaka 1982. Sikusudii kukufanya shabiki wa mchezo wa matajiri. Nakusudia kukuonyesha jinsi watu wenye mali nyingi walivyokutana ana kwa ana na swali ambalo kila mwalimu wa shule ya kijijini analijua: mwenye vingi na mwenye vichache wakiingia katika uwanja mmoja, tufanyeje ili tunachokipima kiwe uchezaji wao, wala si mali zao?

Kwanza yafaa tuuelewe mchezo wenyewe. Polo huchezwa na timu mbili, kila timu watu wanne, wote wakiwa juu ya farasi. Kila mmoja ameshika fimbo ndefu yenye kichwa mfano wa nyundo, na kwa fimbo hiyo hupiga mpira mdogo ulio chini ili aupitishe kati ya nguzo mbili za goli. Uwanja ni mkubwa mno, urefu wake unafikia zaidi ya mita 270, na farasi huukimbia kwa kasi ambayo mtu akianguka anaweza kupoteza maisha. Kwa sababu hiyo kanuni kuu ya polo inahusu njia ya mpira. Mpira ukishapigwa, huchora mstari usioonekana juu ya nyasi, na mchezaji anayeufuata kwa haki ana njia yake, wala haruhusiwi mwingine kumkatiza ghafla mbele. Anayeendesha gari barabarani ataielewa kanuni hiyo bila kufundishwa.

Mchezo hugawanywa katika vipindi vifupi vya dakika saba hivi. Baada ya kila kipindi mchezaji hubadilisha farasi, kwa kuwa mnyama aliyekimbia kwa kasi ile hawezi kuendelea bila kupumzika. Ndiyo kusema kwamba mchezaji mmoja huhitaji farasi kadhaa kwa mechi moja, na timu nzima huhitaji zizi zima. Kila farasi anahitaji malisho, mganga, mtunzaji, na miaka ya kufundishwa. Wachezaji wenyewe hukiri kwamba sehemu kubwa ya ushindi ni ya farasi. Mpanda farasi hodari juu ya mnyama mzito ni sawa na fundi mwenye randa butu.

Kuna jambo la pili la kulifahamu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, Wamarekani walianzisha desturi ya kumpa kila mchezaji daraja, na mtu anayetajwa kuwa mbunifu wake ni H. L. Herbert. Desturi hiyo ilienea duniani. Leo daraja la chini kabisa ni kutoa mbili, na la juu kabisa ni 10. Daraja hilo huitwa "magoli", ijapokuwa halina maana kwamba mtu huyo hufunga magoli hayo. Ni kipimo tu cha uwezo wake machoni pa wajuzi. Ukijumlisha madaraja ya wachezaji wanne unapata daraja la timu. Timu ya watu wanne wa daraja la 10 ni timu ya magoli 40, na juu yake hakuna nyingine. Katika mashindano mengi ya kawaida, timu dhaifu hupewa magoli ya kuanzia kulingana na tofauti ya madaraja. Kwa hiyo ndani ya polo tangu zamani palikuwa na wazo kwamba mwenye uwezo mkubwa abebe mzigo zaidi.

Sasa tugeukie historia. Mchezo huu haukuzaliwa Ulaya. Uajemi na nchi za Asia ya Kati waliucheza karne nyingi kabla Mzungu hajauona. Katika mji wa Isfahan uko uwanja mashuhuri wa Naqsh-e Jahan, uliojengwa zama za Shah Abbas wa Kwanza, na nguzo za mawe zilizokuwa magoli bado zimesimama. Qutb-ud-din Aibak, mtawala wa kwanza wa Usultani wa Delhi, alifariki mjini Lahore mwaka 1210 baada ya kuanguka na farasi wake akiwa mchezoni. Neno lenyewe "polo" linatokana na lugha ya watu wa Baltistan, kaskazini mwa Bara Hindi, na maana yake ni mpira tu.

Lakini polo tunayoiona leo ilipita mlango mwingine, nao ni Manipur, ufalme mdogo mashariki ya mbali ya India. Huko watu walicheza sagol kangjei juu ya farasi wadogo wa kienyeji, saba kwa saba, bila nguzo za goli. Mpira ukivuka mstari wa mwisho wa upande wa adui, goli limeingia. Huko haukuwa mchezo wa wafalme peke yao. Maofisa wa Kiingereza na wenye mashamba ya chai katika nchi jirani ya Assam waliuona, wakaupenda, na mwaka 1859 wakaunda klabu yao mjini Silchar. Mwaka 1862 ikafuata klabu ya Kolkata, wakati huo ukiitwa Calcutta. Kutoka hapo mchezo ulipanda meli pamoja na wanajeshi.

Kila ulipotua ulipata mwenyewe. Katika miaka ya 1870 klabu ya Hurlingham ya London iliandika kanuni, na kanuni hizo zikafuatwa sehemu kubwa ya himaya ya Kiingereza. Marekani wakaunda chama chao mwaka 1890. India wakaunda chao mwaka 1892. Argentina, ambako walowezi wa Kiingereza walikuwa wameuingiza mchezo katika miaka hiyo hiyo ya 1870, waliunganisha vyama vyao kuwa kimoja mwaka 1922. Vyama hivi vilialikana, vikatembeleana, vikashindania vikombe, lakini hakuna kilichokuwa juu ya mwingine. Mkutano wa wakubwa ulitosha. Aliyetaka kucheza na Mwingereza alifuata kanuni za Mwingereza, na aliyevuka Atlantiki akafuata za Mmarekani.

Hapo awali palikuwa hata na kikomo cha kimo cha farasi, ili asije mtu akaleta jitu la mnyama akawafagia wenzake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikomo hicho kiliondolewa. Matokeo yake yanaeleweka bila mwalimu. Farasi wakawa wakubwa zaidi na wepesi zaidi, bei zao zikapanda, na yule farasi mdogo wa Manipur, ambaye ndiye babu wa mchezo wote, akawa hana nafasi tena katika viwanja vikubwa. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Katika polo kisu ni farasi.

Michezo ya Olimpiki ilitoa ushahidi wa hayo. Polo ilichezwa katika Olimpiki mara tano: 1900, 1908, 1920, 1924 na 1936. Mwaka 1924 mjini Paris, Argentina iliipata kwa polo medali yake ya kwanza kabisa ya dhahabu ya Olimpiki. Lakini tazama yaliyotokea Berlin mwaka 1936. Nchi tano tu ndizo zilizoleta timu: Argentina, Uingereza, Mexico, Hungary na Ujerumani wenyeji. Waandaaji waliona mapema kwamba nguvu hazilingani, wakazitenga Hungary na Ujerumani zichuane zenyewe, na mshindi wao apewe nafasi ya kuwania medali ya shaba tu. Dhahabu iliachiwa wale watatu wengine. Kwa lugha nyingine, timu mbili kati ya tano ziliingia mashindanoni zikijua kwamba hata zifanye miujiza, dhahabu si yao. Na katika fainali, baina ya wakubwa wawili waliobaki, Argentina iliifunga Uingereza 11 kwa 0. Tangu siku hiyo polo haijarudi kushindaniwa medali katika Olimpiki kuu. Gharama ya kusafirisha makundi ya farasi kuvuka bahari, na uchache wa nchi zinazoweza kuibeba, vilitosha kuufunga mlango.

Hivi ndivyo mambo yalivyokaa kwa karibu nusu karne. Mchezo ulikuwa na wafalme lakini haukuwa na baraza.

Mwaka 1982 Marcos Uranga, aliyekuwa kiongozi wa chama cha polo cha Argentina, aliwashawishi wenzake wa nchi mbalimbali kuunda shirikisho la dunia nzima, naye akawa rais wake wa kwanza. Msomaji anayekumbuka historia atashtuka kwa mwaka huo. Ndio mwaka ambao Argentina na Uingereza zilipigana vita kugombea visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas, kuanzia tarehe 2 Aprili hadi 14 Juni. Nchi mbili zilizoujenga mchezo huu kuliko nyingine nyingi zilikuwa zikizamishiana meli. Baada ya vita, wachezaji wa Argentina, ambao ndio waliokuwa bora duniani na wengi wao walikuwa wakiajiriwa Uingereza kila majira ya joto, walifungiwa milango ya viwanja vya huko kwa miaka kadhaa. Kuanzisha umoja wa dunia katika mwaka kama huo ni sawa na kuposa wakati wa matanga. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na shirikisho likaishi.

Shirikisho lilipotaka kuandaa mashindano ya ubingwa wa dunia lilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa nyepesi: kila nchi ilete wachezaji wake bora na farasi wake bora. Hiyo ndiyo njia ya Berlin 1936, na mwisho wake tumeuona. Njia ya pili ilihitaji ujasiri. Wakaamua kwamba timu itakayoshiriki isizidi daraja la magoli 14. Tena wakaamua kwamba timu isije na farasi wake. Nchi mwenyeji ndiyo itakayokusanya farasi wa mashindano yote, itawapanga katika makundi yanayolingana kadiri wajuzi wanavyoweza kulinganisha, kisha makundi hayo yatapigiwa kura. Timu huchota kura, na kura inayotoka ndiyo mali yake kwa siku hizo.

Tuitafakari kanuni hiyo kidogo. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na kila atembeaye duniani anajua kwamba mwenyeji ana faida zake: uwanja anaujua, hewa ameizoea, mashabiki ni ndugu zake. Hapa mwenyeji ndiye anayetoka jasho kutafuta farasi, anawaazima kwa wenyewe, anawalisha na kuwaandaa, halafu anasimama foleni kama wengine kuchota kura, na huenda akamwona farasi aliyemtegemea akiongozwa kwenda kwa mpinzani wake. Hana la kusema. Kwa upande wa mgeni, kijana wa nchi isiyo na mazizi makubwa huweza kupanda ndege na fimbo zake, kofia yake na buti zake, akakuta farasi wanamngoja. Katika mchezo ambao farasi ndiye kisu, shirikisho limekusanya visu vyote mezani na kuvigawa kwa bahati.

Mashindano ya kwanza yalifanyika Argentina mwaka 1987, na wenyeji wakashinda. Mwaka 1989 yalikwenda Berlin, mji uleule wa 1936, na Marekani ikaifunga Uingereza katika fainali. Yakafuata Chile mwaka 1992, Uswisi mwaka 1995, Marekani mwaka 1998, Australia mwaka 2001, Ufaransa mwaka 2004, Mexico mwaka 2008, Argentina tena mwaka 2011, Chile tena mwaka 2015, Australia tena mwaka 2017, na ya 12 yakachezwa Florida, Marekani, mwaka 2022. Katika mashindano hayo 12 Argentina ilishinda mara tano, Brazil mara tatu, Chile mara mbili, Marekani mara moja, na mwaka 2022 ikawa zamu ya Hispania. Mwaka huohuo wanawake nao walipata mashindano yao ya kwanza ya dunia, nchini Argentina. Nayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa imelitambua shirikisho hili tangu miaka ya mwisho ya 1990, na mwaka 2018 polo ilionyeshwa, bila ya medali, katika Olimpiki ya Vijana mjini Buenos Aires.

Mpaka hapa yaonekana kama hadithi yenye mwisho mwema. Lakini si haki kumficha msomaji upande wa pili.

Upande wa pili ni huu. Bingwa wa dunia wa polo si timu bora ya polo duniani, na kila mtu katika mchezo anajua. Fanya hesabu mwenyewe: timu ikimchukua mchezaji mmoja wa daraja la 10, inabakiwa na magoli manne ya kugawa kwa wenzake watatu. Kwa hiyo magwiji hukaa nyumbani. Ukitaka kuwaona, nenda Palermo, katikati ya Buenos Aires, penye mashindano ya wazi ya Argentina yaliyoanza mwaka 1893, ambako timu ya magoli 40 si ndoto. Huko shirikisho la kimataifa halina sauti. Huko hakuna kura ya farasi. Katika fainali ya mwaka 2016 mchezaji mashuhuri Adolfo Cambiaso alipanda farasi sita ambao wote walikuwa nakala za farasi mmoja, jike mashuhuri aitwaye Cuartetera, zilizotengenezwa katika maabara kutokana na chembe za mwili wake. Timu yake ikashinda. Hebu weka picha hizo mbili pamoja. Upande mmoja watu wanachota kura ili pasiwe na mwenye farasi bora kuliko mwenzake. Upande mwingine mtu amempata farasi bora, na badala ya kumgawa amemzidisha mara sita awe wake peke yake. Zote mbili ni polo, tena katika nchi ileile iliyolizaa shirikisho.

Na liko jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Daraja la mchezaji si la kudumu, hupanda anapojifunza. Chukua kijana wa daraja la tatu aliyeisaidia nchi yake kufuzu. Akajibidiisha, akaamka alfajiri, akawa mchezaji bora kuliko jana. Wajuzi wakampandisha hadi daraja la tano. Sasa jumla ya timu imepita 14, na lazima mmoja aachwe. Huenda akaachwa yeye mwenyewe. Bidii yake imemtoa katika timu ya taifa. Kanuni iliyowekwa imzuie tajiri imemkamata mwenye juhudi.

Jambo kama hili nimelishuhudia katika kazi yangu. Kabla sijahamia chuo cha ualimu nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na mimi na wakuu wenzangu wa shule jirani tulikuwa na mashindano yetu ya mpira wa miguu. Baadhi ya shule watoto walicheza pekupeku, na katika shule moja au mbili za karibu na mji walikuwapo wenye viatu vya mpira. Kiatu chenye meno kikikanyaga mguu mtupu, matokeo yake si mchezo tena. Tukakubaliana kwamba panapokutana timu ya viatu na timu ya pekupeku, wote wacheze pekupeku. Siku ya mechi, mvulana wa shule yangu alinijia akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Havikuwa viatu vya kitajiri. Baba yake alikuwa ameuza mbuzi. Akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Mimi nimekosa nini?" Nilimwambia hajakosa lolote, na kwamba kanuni haijamtuhumu. Akavifunga kamba pamoja, akavitundika katika nguzo ya goli, akaingia uwanjani.

Miaka ya baadaye, katika chuo, niliwapa walimu wanafunzi mfano huo bila kuwaambia ni wa wapi, nikawataka wabishane. Mara zote darasa liligawanyika. Wapo waliosema haki ni kumwachia kila mtu alichokipata kwa jasho lake. Wapo waliosema uwanja ukiwa si sawa, jasho lenyewe halionekani. Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima aliyekuja kujiendeleza, alisema neno ambalo sikulisahau: kwamba makundi yote mawili wanasema kweli, ila swali la kwanza ni kama watoto wa pekupeku watakuja tena wiki ijayo. Wasipokuja, alisema, mwenye viatu atacheza na nani?

Naona hilo ndilo jibu ambalo shirikisho la polo lililifikia kwa njia yake. Palermo huonyesha kilele cha ustadi. Mashindano ya shirikisho yanaangalia kama wengine watakuja tena. Katika Olimpiki ya mwaka 1936, pasipo kikomo wala kura, zilikuja timu tano, na mbili kati yake hazikuwa na haki ya kuota dhahabu. Chini ya kikomo na kura, nchi tano tofauti zimekuwa mabingwa wa dunia. Mtu anaweza kunikumbusha kwamba katika ubingwa 12, 10 umebaki Amerika Kusini, na atakuwa amesema kweli. Kura hugawa farasi wa wiki mbili, haigawi utoto. Mtoto aliyekulia katika nyanda za Argentina, akapanda farasi kabla hajajua kusoma, amekuja na kitu ambacho hakuna chungu cha kura kitakachokigawa. Hata hivyo, katika wazi kabisa nani angeifunga Argentina? Kuikosesha ubingwa mara saba katika 12 ni jambo ambalo kikomo kimeliwezesha.

Sisi wa Afrika tuna sababu yetu ya kuizingatia kura hiyo. Sehemu kubwa ya bara letu haikuwahi kuwa nchi ya farasi, kwa kuwa mbung'o walimmaliza, na pale alipookoka mbung'o alikutana na usubi, mdudu mdogo anayeeneza ugonjwa hatari ujulikanao kama ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ndiyo maana mnyama wetu wa mizigo ni punda. Polo ililetwa na Waingereza, na inachezwa Afrika Kusini, Nigeria, Zambia, na kwa jirani zetu wa Kenya, ambako klabu za Nairobi na Gilgil zina miongo mingi. Lakini farasi atokaye katika nchi zenye ugonjwa huo hupokelewa ng'ambo kwa karantini na masharti makali. Timu ya Kiafrika ingeambiwa ije na farasi wake, safari ingeishia bandarini. Kanuni ya farasi wa kuazimwa haikutungwa kwa ajili yetu, lakini inatufaa.

Wapo ambao haiwafai. Watu wa Manipur, waliowapa wenzao mchezo, bado wanacheza mjini Imphal katika uwanja uitwao Mapal Kangjeibung, unaohesabika kuwa wa zamani zaidi duniani kati ya vile vinavyotumika. Farasi wao mdogo amepungua sana kadiri malisho na maeneo oevu yanavyomezwa na mji, hata serikali ya jimbo ikabidi itunge sera ya kumwokoa mwaka 2016. Shirikisho laweza kumgawia mtu farasi wa kupanda; halijaweza kumrudishia mwenye mchezo farasi wake. Iran na Azerbaijan, kwa upande wao, walikwenda kwa UNESCO, na michezo yao ya asili ya chogan ikaandikwa katika orodha za urithi wa utamaduni usioshikika, ule wa Azerbaijan mwaka 2013 na ule wa Iran mwaka 2017. Yamkini walitambua kwamba chombo kinachosimamia mashindano si lazima kiwe ndicho kinachotunza asili.

Basi, msomaji, usilipime shirikisho hili kwa kuuliza kama limetawala polo yote. Halijatawala, na fedha za mchezo ule zina wenyewe. Lipime kwa siku moja tu katika kila mashindano, siku ya kuchota kura. Siku hiyo watu waliozoea kununua farasi bora kuliko wa jirani zao husimama kando ya zizi, kofia mkononi, wakingoja kuambiwa ni farasi gani watapanda. Aliyelea farasi kwa miaka anamkabidhi mgeni hatamu, anamweleza tabia za mnyama yule, kwamba huyu anapenda kuvutwa taratibu na yule hataki kiboko, kwa sababu mgeni asipoambiwa anaweza kuvunjika shingo. Kesho yake watapambana. Nimefanya kazi na watu karibu miaka 40, na sijaona mahali pengi ambapo mwenye mali hufanya hivyo kwa hiari, tena akamweleza mpinzani wake namna ya kuitumia vizuri.